Maswali ya Wasomaji: Atomu Zilezile, Mpangilio Mwingine

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja, yaani uhusiano uliopo kati ya kemia na viumbe hai. Tumechagua sita. Baadhi tumezifupisha, lakini hoja za waandishi tumeziacha kama zilivyo, ikiwamo ile inayotusuta sisi wenyewe.

Kitabu changu cha biolojia kinasema mwili wa binadamu umejengwa kwa oksijeni, kaboni, hidrojeni na nitrojeni. Vitu hivyohivyo vimo hewani, majini na hata ndani ya mawe. Je, uhai wenyewe unaingilia wapi? Au kuna elementi nyingine ambayo vitabu havituambii?
*Mwanafunzi wa sekondari*

Hakuna elementi iliyofichwa. Ukiupima mwili wa binadamu kwa uzito, takribani asilimia 65 ni oksijeni, ambayo sehemu yake kubwa imo ndani ya maji. Asilimia 18 ni kaboni, 10 ni hidrojeni na 3 ni nitrojeni. Zinafuata kalsiamu na fosforasi, kisha nyingine nyingi kwa viwango vidogo sana, kama vile chuma, ambayo ingawa ni gramu chache tu, bila hiyo damu isingeweza kubeba oksijeni ya kututosha. Zote hizo zinapatikana pia nje ya viumbe, na atomu ya kaboni iliyomo katika ulimi wako haina tofauti na ile iliyomo katika masizi ya sufuria.

Shaka uliyo nayo waliwahi kuwa nayo wataalamu wakubwa. Hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wakemia wengi waliamini kwamba vitu vinavyotengenezwa na viumbe, kama vile sukari, mafuta na urea ya mkojo, haviwezi kupatikana maabara kwa sababu vinahitaji nguvu maalumu iliyomo ndani ya mwili ulio hai. Mwaka 1828 mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler alitangaza kwamba, alipokuwa akijaribu kutengeneza chumvi iitwayo amonia sianati, alijikuta na fuwele nyeupe ambazo baada ya kuzichunguza aliona ni urea, na hapakuwa na figo wala mnyama yeyote katika kazi hiyo. Imani ya nguvu maalumu haikuporomoka siku hiyohiyo, kama baadhi ya vitabu vinavyopenda kusimulia, lakini ilianza kupata nyufa.

Jambo la kuvutia zaidi katika kisa hicho, nalo mara nyingi hurukwa, ni hesabu ya atomu. Molekuli ya urea ina atomu moja ya kaboni, moja ya oksijeni, mbili za nitrojeni na nne za hidrojeni. Amonia sianati nayo ina atomu hizohizo, kwa idadi ileile. Kilichobadilika ni nani ameshikana na nani. Chukua herufi *a*, *i*, *l* na *m*: ukizipanga hivi unapata *mali*, ukizipanga vile unapata *lima*, na kwa kuzigeuzageuza utapata *mila*, *lami* na *imla*. Huhitaji herufi ya tano ili lami iwe mila.

Kaboni ndiyo inayofanya mchezo huu wa kupanga uwe mpana kiasi hicho, kwa kuwa kila atomu yake inaweza kufunga vifungo vinne na hufungamana kwa urahisi na kaboni nyingine, hata ikajenga minyororo mirefu, matawi na pete. Kutokana na minyororo hiyo hupatikana kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki, na kutokana na hizo, zikiwa zimezungushiwa utando na kuelea ndani ya maji, hupatikana seli. Tunasema seli ina uhai kwa sababu ya yale ambayo mpangilio huo unaweza kuyafanya: kuingiza malighafi na nishati, kutoa taka, kujirekebisha inapoharibika, na kutengeneza nakala yake. Kwa hiyo uhai hauingilii mahali fulani kama mgeni anayepitia mlangoni. Ukiuliza unaanzia katika atomu ya ngapi, ni sawa na kuuliza maana ya neno *mila* imo katika herufi ipi.

Binti yangu amerudi kutoka shuleni akidai kwamba wanga na karatasi vimejengwa kwa sukari moja. Nilicheka, kisha nikaona afadhali niwaulize kabla sijambishia. Kama ni kweli, mbona hatushibi kwa kula karatasi?
*Mzazi*

Umefanya vyema kutombishia, maana yuko sahihi. Wanga ni mnyororo wa glukosi. Selulosi, ambayo ndiyo inayojenga kuta za seli za mimea, na ambayo karatasi na pamba hutokana nayo, ni mnyororo wa glukosi pia. Ukivunja wanga wote utabaki na glukosi, na ukivunja selulosi yote utabaki na glukosi ileile, yenye kaboni 6, hidrojeni 12 na oksijeni 6.

Tofauti iko katika namna glukosi moja inavyoshikana na mwenzake. Katika wanga zote zimeelekea upande mmoja, kama watu waliopanga foleni huku kila mmoja akitazama mgongo wa aliye mbele yake. Katika selulosi kila glukosi imepinduliwa ikilinganishwa na jirani yake: ya kwanza kichwa juu, ya pili kichwa chini, ya tatu kichwa juu tena. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Mnyororo wa wanga hujipinda na kuwa kama springi, wenye nafasi ambamo maji na vimeng'enya huingia kwa urahisi. Mnyororo wa selulosi hunyooka kama fimbo, na fimbo nyingi zikilala ubavu kwa ubavu hushikamana kwa vifungo vya hidrojeni, ambavyo kimoja kimoja ni dhaifu lakini vikiwa maelfu hutoa nyuzi ngumu zisizoyeyuka majini. Ndiyo maana unaweza kufua shati la pamba mara mia na lisigeuke uji.

Sasa tuje kwenye kushiba. Ili glukosi iingie katika damu, ni lazima mnyororo ukatwe, na anayekata ni kimeng'enya. Kimeng'enya ni protini yenye shimo au mfuko wa umbo maalumu, ambamo hukaa kile tu kinacholingana nalo. Kimeng'enya cha mate yetu kiitwacho amilesi kina mfuko unaopokea mnyororo wa wanga. Ule uliopinduliwa wa selulosi hauingii. Mwambie binti yako atafune kipande cha mkate kwa dakika nzima bila kukimeza, akielekeza fikira zake kwenye ulimi: polepole utamu utajitokeza, ingawa hapakuongezwa sukari. Utamu huo ni wa maltosi, yaani glukosi mbilimbili zilizokatwa na amilesi. Akitafuna pamba safi atachoka taya bure.

Kama shuleni kuna iodini, wanaweza kuongeza jaribio jingine. Tone la iodini likidondokea wanga hugeuka bluu iliyokolea karibu na weusi, kwa kuwa iodini hujipenyeza ndani ya springi tuliyoieleza. Likidondokea pamba safi hubaki na rangi yake ya kahawia. Wasitumie karatasi ya kuandikia katika jaribio hili, maana viwanda vingi huipaka wanga ili wino usisambae, na darasa zima litaondoka na hitimisho lisilo la kweli.

Utauliza vipi kuhusu ng'ombe, ambaye hunenepa kwa majani. Yeye pia hana kimeng'enya chake mwenyewe cha kukatia selulosi. Anachokuwa nacho ni tumbo lenye vyumba, na chumba kimoja kimejaa vijidudu wanaoifanya kazi hiyo kwa niaba yake, nao hulipwa makazi na chakula. Sisi tunaila selulosi ya mboga na matunda ikapita kama nyuzinyuzi, na utumbo unanufaika nayo, ila si kwa nishati ya kutegemewa.

Katika toleo lililopita mliandika kwamba glukosi huhifadhi nishati ndani ya vifungo vyake, na kwamba nishati hiyo hutoka vifungo vinapovunjwa. Nimefundisha kemia kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka nimelazimika kuifuta sentensi hiyo vichwani mwa wanafunzi. Naomba mwisahihishe.
*Mwalimu mstaafu*

Shikamoo, Mwalimu. Tumekosea, nasi tunaomba radhi kwa wasomaji wote. Kuvunja kifungo cha kemikali hugharimu nishati, daima, kama vile ambavyo huwezi kuzibandua sumaku mbili zilizoshikana bila kutumia nguvu. Nishati hutolewa vifungo vipya vinapofungwa. Glukosi ikiungana na oksijeni, vifungo vya zamani vya vyote viwili huvunjwa kwanza, na gharama hiyo hulipwa. Kisha hidrojeni na kaboni hushikana na oksijeni na kuwa maji na hewa ukaa, ambamo vifungo ni imara zaidi kuliko vile vya mwanzo. Ziada inayobaki baada ya kutoa gharama ndiyo tunayoiita nishati ya chakula. Kwa gramu 180 za glukosi, ziada hiyo ni takribani kilojuli 2,800, iwe glukosi imeteketea kwa moto au imetumika mwilini.

Tunadhani kosa letu ni la kawaida kwa sababu linaifanya glukosi ionekane kama betri iliyojaa, na oksijeni isahaulike kabisa. Ukweli ni kwamba glukosi bila oksijeni hutoa kidogo sana. Seli iliyokosa oksijeni hupata molekuli 2 tu za ATP kutoka katika kila glukosi, ilhali yenye oksijeni hupata takribani 30. ATP, kwa wale ambao hawajakutana nayo, ni molekuli ndogo ambayo seli huitumia kubeba nishati kutoka inakopatikana hadi inakohitajika, iwe ni kukunja msuli au kusukuma chumvi nje ya utando. Mwili hauweki akiba kubwa ya ATP. Huitengeneza, huitumia na kuitengeneza tena bila kusita, kiasi kwamba jumla ya ATP inayopita katika mzunguko huo kwa siku moja hukaribia uzito wa mtu mzima mwenyewe.

Na hata ATP, Mwalimu, tunajua ungetushika hapo pia: nayo haitoi nishati kwa kukatika kwa kifungo chake cha fosfati peke yake, bali kwa sababu mazao ya mmenyuko wake na maji ni tulivu zaidi.

Barafu ikiyeyuka unaweza kuigandisha tena. Kwa nini yai lililochemshwa halirudi kuwa bichi hata ukiliweka kwenye baridi?
*Msomaji wa miaka mingi*

Kwa sababu ute wa yai haukuganda kama maji yanavyoganda. Ute ni maji yenye protini ndani yake, na kila protini ni mnyororo wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo lake, sehemu zinazoyakimbia maji zikiwa zimefichwa ndani. Joto linapofika nyuzi za Selsiasi 60 na kuendelea, mikunjo hiyo hufunguka. Sehemu zilizokuwa zimejificha hujikuta wazi, zinakimbilia wenzake wa jirani, na minyororo yote hukwamana kama uzi uliochezewa na paka. Maji hayajaondoka, wala asidi amino hazijabadilika. Yamenaswa tu ndani ya wavu. Ukilipoza yai, uzi uliokwamana haujikwamui wenyewe.

Si kwamba haiwezekani kabisa. Mwaka 2015 wanasayansi wa Australia na Marekani waliuyeyusha kwa kemikali ute uliochemshwa, wakauzungusha kwa kasi kubwa katika mirija, na wakaipata protini mojawapo, lisozimu, ikiwa imerudia umbo lake na inafanya kazi. Yai bichi hawakulipata. Lakini utaona kwa nini homa kali inayozidi nyuzi 41 au 42 huwatia madaktari wasiwasi: mwili mzima unaendeshwa na protini zilizokunjwa.

Kuna watu wanauza maji ya alkali na kusema kwamba damu yetu imejaa asidi, na kwamba maji hayo yataisawazisha. Jirani yangu amenionyesha kikaratasi cha kupimia: kabla ya kuyanywa kilionyesha asidi, na siku chache baadaye kikaonyesha alkali. Huo si ushahidi?
*Msomaji*

Ni ushahidi wa kitu kingine. Muulize jirani yako alipima nini, na bila shaka atakwambia ni mkojo.

Kipimo cha pH hueleza wingi wa ioni za hidrojeni katika kimiminika: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali, na kila hatua moja ni tofauti ya mara kumi. Damu ya mtu mwenye afya hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Ni mwanya mwembamba mno, na anayetoka nje yake kwa kiasi kikubwa huwa mgonjwa wa kulazwa, si mtu anayetembea sokoni akitafuta maji ya kununua. Damu yenyewe tayari ina alkali kidogo, kwa hiyo dai la kwamba imejaa asidi linaanguka kabla hatujafika kwenye maji.

Walinzi wa mwanya huo ni watatu. Wa kwanza ni baikaboneti, ambayo huelea ndani ya damu na kuzinasa ioni za hidrojeni zinapozidi. Wa pili ni mapafu. Hewa ukaa ikichanganyika na maji ya damu huwa asidi ya kaboni, hivyo kila pumzi unayoitoa ni asidi inayoondoka. Unaweza kumhisi mlinzi huyu akiwa kazini: zuia pumzi ukiwa umekaa kitako, na muda si mrefu utasikia msukumo mkali wa kupumua. Msukumo huo hutokana zaidi na hewa ukaa iliyolundikana, yaani ubongo umegundua kwamba pH inashuka, wakati oksijeni bado ingalipo ya kutosha. Mlinzi wa tatu ni figo, ambazo hufanya kazi polepole zaidi na kuimwaga ziada, iwe ya asidi au ya alkali, katika mkojo. Kwa hiyo kikaratasi cha jirani kilipobadilika rangi kilikuwa kikionyesha kwamba figo zake zimeyatambua maji yale na kuitupa alkali yake nje.

Tena kabla ya kuifikia damu, maji hayo hupitia tumboni, ambako pH ya tumbo tupu huwa kati ya 1 na 3. Kwa mtu mwenye afya, glasi ya maji hayo ni glasi ya maji. Mwenye ugonjwa wa figo asijaribu bila kuongea na daktari wake, kwa kuwa mlinzi wa tatu ndiye aliyedhoofika.

Mwalimu ametuandalia mdahalo: mbegu kavu iliyokaa ghalani kwa miaka mitano, na kirusi. Kipi kina uhai? Kundi letu limepangiwa kutetea kirusi, na tunahisi tumeonewa.
*Wanafunzi watano*

Mmeonewa kidogo, kwa kweli, maana mbegu ni kesi rahisi. Haioti, haili chochote, haionekani kupumua, lakini ndani yake mna seli kamili zenye DNA, utando, vimeng'enya na akiba ya chakula. Ilichopungukiwa ni maji, ambayo katika mbegu kavu mara nyingi ni asilimia 5 hadi 15 tu ya uzito. Bila maji molekuli hazitembei, na zisipotembea hazikutani, kwa hiyo karibu shughuli zote husimama huku mpangilio ukibaki. Mimina maji, na ndani ya saa chache upumuaji wa seli hupanda kwa kasi. Mwaka 2005 mbegu ya mtende yenye umri wa takribani miaka 2,000, iliyochimbuliwa katika magofu ya Masada, ngome ya kale nchini Israeli, ilichipua na kuwa mti. Miaka mitano ya ghalani si kitu.

Kirusi ni habari nyingine. Ni kipande cha DNA au RNA kilichofungwa ndani ya ganda la protini, na baadhi huwa na utando juu yake. Hakina ribosomu za kutengenezea protini, wala hakitengenezi ATP. Ukikimwagia maji, hakuna kinachoanza. Mwaka 1935 mkemia Mmarekani Wendell Stanley alivigandisha virusi vinavyoshambulia majani ya tumbaku vikawa fuwele, kama mtu anavyopata fuwele za chumvi. Na fuwele hizo zilipoyeyushwa na kupakwa kwenye jani, jani liliugua.

Wapinzani wenu watakitumia kisa hicho cha fuwele, kwa hiyo kitajeni nyinyi kwanza, kisha sisitizeni nusu yake ya pili. Semeni kwamba kirusi kina maelekezo ya urithi yaliyoandikwa kwa lugha ileile ya seli zote, kwamba kinazaliana, na kwamba kinabadilika kizazi hadi kizazi kwa uteuzi wa asili. Wakiwaambia kinategemea seli ya mwingine, wajibuni kwamba wapo bakteria, kama vile klamidia, ambao nao hawawezi kuzaliana nje ya seli za wenyeji wao, na hakuna anayewanyima uhai. Mimi binafsi nikiwa hakimu ningewapa ushindi wapinzani wenu, kwa sababu ya zile ribosomu: klamidia anazo zake na kirusi hakina. Tafuteni jibu la hoja hiyo mapema, maana hapo ndipo watakapowabana.